Namna ya kuyeyusha chumvi, mbolea na mrututu majini bila kupoteza muda

Mtu anayekoroga ndoo ya mbolea kwa nusu saa na bado anaona chembe zimetulia chini anakabiliwa na maswali mawili, ingawa mara nyingi hulitambua moja tu. La kwanza ni kiasi gani cha kitu hicho maji yale yanaweza kubeba. La pili ni kwa kasi gani kitu hicho kinaingia majini. Swali la kwanza hujibiwa na aina ya kitu chenyewe pamoja na joto la maji, na hakuna mwiko wala nguvu ya mkono inayoweza kubadili jibu lake. Swali la pili limo mikononi mwa anayechanganya, na ndilo linalohusika zaidi hapa. Hata hivyo tutaanza na la kwanza, kwa sababu kukoroga maji yaliyokwisha kushiba ni kazi bure.

Jua ukomo kabla ya kushika mwiko

Katika nyuzi 20 za Selsiasi, gramu 100 za maji hubeba takriban gramu 36 za chumvi ya mezani. Ukiyapasha maji hayo hadi nyuzi 80, kiasi hicho hupanda hadi kama gramu 38 tu, ongezeko ambalo halistahili gharama ya makaa. Sukari ni habari nyingine kabisa: maji yaleyale hubeba karibu gramu 200 kwenye nyuzi 20, na zaidi ya gramu 350 kwenye nyuzi 80. Potasiamu nitrati hupanda kwa kishindo zaidi, kutoka gramu 32 hivi hadi karibu 170. Chokaa iliyozimwa huenda kinyume: lita moja ya maji baridi hubeba chini ya gramu 2, na kadiri maji yanavyopata moto ndivyo yanavyobeba kidogo zaidi. Kwa hiyo ushauri wa jumla wa kupasha maji, ambao kila mtu huutoa bila kuulizwa, ni sahihi kwa sukari, una faida ndogo kwa chumvi, na ni kosa kwa chokaa.

Wako wanaouliza kama mwinuko una athari, kwa kuwa maji ya Kampala, mji ulio kwenye mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 96 au karibu na hapo, na ya Kabale, mji ulio juu zaidi milimani kusini-magharibi mwa Uganda, huchemka kwenye nyuzi za chini zaidi. Kwa kazi hii tofauti hiyo haina uzito. Anayelalamika kwamba maharage ya Kabale hayaivi upesi ana hoja. Anayelalamika juu ya chumvi hana.

Unapoona mabaki chini ya chombo, usikimbilie kukoroga. Mimina maji ya juu kwenye chombo kingine, chukua kijiko kimoja cha mabaki, uyatie kwenye kikombe cha maji safi, ukoroge kidogo. Yakitoweka, ama maji ya awali yalikuwa yameshiba na dawa ni kuongeza maji, ama kuyeyuka kulikuwa hakujamalizika tu. Yasipotoweka, hayo ni uchafu au ni kitu kisichoyeyuka, na unachohitaji ni kitambaa cha kuchujia. Jaribio hili dogo lina maana kubwa kwa yeyote anayetumia chumvi ya mawe kutoka Ziwa Katwe, wilayani Kasese, kwa sababu mabonge yake hutoka kitandani mwa ziwa yakiwa na tope, na chumvi ya ziwa lile si sodiamu kloridi tupu bali imechanganyika na salfeti na kaboneti za sodiamu. Nimewaona watu wakilikoroga tope la Katwe kwa subira ya ajabu, wakiamini kwamba ni chumvi kaidi.

Kwa chumvi ya mezani iliyo safi kuna kipimo kingine kisichohitaji maabara. Maji yaliyoshiba chumvi hiyo yana uzito wa takriban mara 1.2 ya maji matupu. Jaza chupa ya nusu lita kwa maji hayo, uiweke kwenye mizani ya jikoni, uondoe uzito wa chupa: ukipata karibu gramu 600, hakuna chumvi zaidi itakayoingia. Ukipata gramu 550, bado kuna nafasi kubwa, na tatizo lako ni kasi.

Kinachochelewesha kiko kwenye uso wa chembe

Chembe ya chumvi inapogusana na maji, maji yaliyo karibu nayo kabisa hushiba takriban papo hapo. Kutoka hapo chumvi inalazimika kuvuka tabaka jembamba la maji yasiyosogea, lenye unene wa sehemu ya kumi ya milimita au pungufu, kabla haijafika kwenye maji mengine yanayozunguka. Kuvuka huko hufanyika polepole, kwa kupenyeza tu, na kwa vitu vingi vinavyoyeyuka majini ndiko kunakoamua kasi ya kazi nzima. Mwaka 1897 wakemia wawili wa Marekani, Arthur Noyes na Willis Whitney, walizungusha vijiti vya asidi ya benzoiki na vya kloridi ya risasi ndani ya maji, wakapima, wakaonyesha kwamba kasi ya kuyeyuka hulingana na pengo lililopo kati ya ukolezi (yaani kiasi cha kitu kilichoyeyuka ndani ya maji) wa maji yaliyoshiba na ukolezi wa maji yalivyo wakati huo. Mwaka 1904, kule Ujerumani, Nernst na Brunner waliliingiza lile tabaka jembamba katika hesabu.

Ukiyaweka matokeo yao katika sentensi moja, utasema hivi: kasi huongezeka eneo la uso wa kitu linapoongezeka, pengo la ukolezi linapokuwa kubwa, na kitu kinapoweza kupenya majini kwa wepesi, hupungua tabaka lile linapokuwa nene. Hakuna mbinu ya kuharakisha ambayo haigusi mojawapo ya mambo hayo manne, na mtu akikuuzia mbinu ambayo haigusi lolote kati yake, mwombe akuonyeshe kwanza.

Tabaka lenyewe halionekani, lakini kazi yake inaonekana kwa macho. Chukua glasi ndefu ya kioo, ijaze maji, uiache itulie. Funga kwa uzi bonge la chumvi ya mawe lenye ukubwa wa ncha ya kidole gumba, ulining'inize kutoka kwenye kijiti kilicholazwa juu ya glasi ili lizame sentimita mbili tu, kisha uiweke glasi mbele ya dirisha lenye mwanga na usiiguse tena. Baada ya muda mfupi utaona michirizi myembamba isiyo na rangi ikianguka moja kwa moja kutoka upande wa chini wa bonge, ikipinda mwanga njiani, hadi inapotanda kwenye kitako cha glasi. Hayo ni maji ya chumvi, mazito kuliko yale yanayoyazunguka, yakishuka yenyewe na kuvuta maji mapya yaligonge bonge kwa juu. Hakuna aliyekoroga chochote.

Sasa weka bonge la pili, la uzito uleule, kwenye kitako cha glasi nyingine iliyojazwa vivyo hivyo. Michirizi haitokei. Maji mazito hayana pa kwenda, hivyo hutanda kulizunguka bonge na kulifunika, na ukionja maji ya juu baada ya muda mrefu utakuta hayana ladha ya chumvi wakati yale ya chini yanakereketa. Bonge la kwanza litakuwa limekwisha au limebaki uzi mtupu, nalo la pili likiwa bado linaonekana vizuri.

Kutokana na glasi hizo mbili hutoka mbinu ambayo naiona ni bora kuliko zote kwa anayetumia pipa, yaani kutokuacha kitu kizame. Kitie kwenye mfuko wa kitambaa chepesi au gunia safi lililofumwa kwa nafasi, ulifunge kwenye mti uliolazwa juu ya mdomo wa pipa, na uhakikishe kwamba mzigo umezama kidogo tu chini ya uso wa maji. Jioni unaning'iniza, asubuhi unakuta gunia tupu, na mkono haujachoka. Baada ya hapo koroga mara moja kutoka chini kwenda juu, kwa sababu chini ya pipa kutakuwa na maji mazito na juu mepesi.

Kusaga, kukoroga, kupasha

Kusaga hufanya kazi kwa kuongeza uso. Bonge lenye umbo la mchemraba wa upande wa sentimita 1 lina uso wa sentimita 6 za mraba; likikatwa liwe vipande vya milimita 1, unapata vipande 1,000 ambavyo jumla ya nyuso zao ni sentimita 60 za mraba. Kitu ni kilekile, uzito ni uleule, lakini maji yamepata mara kumi ya mahali pa kushika. Ndiyo sababu chumvi ya mawe iliyotwangwa kwenye kinu hutoweka wakati bonge zima linaendelea kukaa, na ndiyo sababu sukari laini ya dukani haihitaji subira.

Lakini usisage hadi ikawa vumbi. Vumbi lililomwagwa kwa mkupuo mmoja hushikana, hufunga hewa ndani, na hutengeneza madonge ambayo nje yamelowa na ndani ni makavu, hivyo uso ulioutafuta kwa jasho unakuwa umefungiwa ndani. Yeyote aliyetia maziwa ya unga kwenye chai moto anajua madonge hayo. Kwa unga laini, ama unyunyize kidogo kidogo juu ya maji yanayozunguka, ama uanze na maji kidogo sana upate uji mzito usio na madonge, kisha uongeze maji yaliyobaki. Kwa chumvi na mbolea, punje za ukubwa wa mchanga mkubwa zinatosha.

Kukoroga hufanya mambo mawili: hupunguza unene wa tabaka lililoganda kwenye uso wa chembe, na huondoa maji yaliyokolea yasikae karibu nazo. Kosa linaloonekana kila mahali ni kuzungusha mwiko katikati ya ndoo kwa mwelekeo mmoja. Baada ya mizunguko michache maji, mwiko na chembe vyote vinazunguka pamoja, na chembe hukusanyika katikati ya kitako bila kusogezwa na maji yaliyo juu yake. Kokota mwiko kwenye kitako, uinue, ubadili mwelekeo. Katika pipa, ubao mpana unaopandishwa na kushushwa hufanya kazi kuliko fimbo ndefu inayozungushwa. Chembe zote zikishapanda na kuelea ndani ya maji, kukoroga kwa nguvu zaidi huleta faida ndogo sana. Pumzika, kisha endelea.

Joto husaidia kasi hata pale lisiposaidia kiasi. Maji ya nyuzi 60 yana mnato usiofikia nusu ya ule wa maji ya nyuzi 20, hivyo chembechembe hupenya kwa wepesi zaidi na tabaka huwa jembamba zaidi. Chumvi, ambayo ukomo wake haubadiliki sana kwa joto, bado hutoweka upesi zaidi katika maji ya moto. Swali la mwenye nyumba liwe hivi tu: je, dakika nitakazookoa zinalingana na kuni nitakazochoma? Kwa kikombe cha chai huna haja ya kujiuliza, maji tayari ni moto. Kwa jerikeni la lita 20 la maji ya chumvi, twanga na ukoroge, uache kuni.

Urea ina tabia yake. Inapoyeyuka hunyonya joto kutoka kwenye maji, kiasi kwamba kilo 1 ndani ya lita 20 huyapoza maji kwa nyuzi 3 hivi, na anayejaribu kuyeyusha nyingi ndani ya maji machache atahisi ndoo ikiwa baridi mkononi na kuona kazi ikizorota. Jerikeni lililoachwa juani tangu asubuhi linatosha kufidia baridi hiyo, huhitaji kuyachemsha.

Jambo la nne, pengo la ukolezi, ndilo linalosahaulika. Mwanzoni maji ni matupu, pengo ni kubwa, na kitu huingia kwa kasi. Kadiri maji yanavyokaribia kushiba ndivyo kasi inavyopungua, na papo hapo chembe zenyewe zimekuwa ndogo na uso umepungua, kwa hiyo sehemu ya mwisho hula muda kuliko sehemu kubwa iliyotangulia. Ukitaka gramu 35 za chumvi katika mililita 100, utasubiri sana; ukiridhika na gramu 25, utamaliza upesi. Panga mchanganyiko wako uwe mbali na ukomo isipokuwa kama una sababu ya kuukaribia.

Mrututu na chokaa

Kwa wakulima wa kahawa, mafundisho haya yote hukutana katika mchanganyiko wa Bordeaux, dawa ya ukungu iliyotangazwa Ufaransa mwaka 1885, ambayo katika kipimo chake cha kawaida cha asilimia 1 hutumia kilo 1 ya mrututu (salfeti ya shaba), kilo 1 ya chokaa iliyozimwa na lita 100 za maji. Mrututu huuzwa kwa fuwele kubwa za buluu zenye uso mdogo, na mmumunyo wake ni mzito kuliko maji, kwa hiyo fuwele zilizotupwa chini ya pipa hukaa zikijifunika kwa maji yake ya buluu huku juu maji yakiwa hayajabadilika rangi. Tumia pipa la plastiki lenye lita 50 za maji, utie mrututu kwenye mfuko wa kitambaa, uning'inize juu kama ilivyoelezwa, na utaona mikia ya buluu ikishuka kwa namna ileile ya michirizi ya chumvi, ila hii ina rangi. Pipa la chuma halifai, kwa kuwa shaba huacha maji na kung'ang'ania chuma, nacho chuma huliwa.

Chokaa iwe kwenye chombo chake, na lita 50 zilizobaki. Hapa usingoje maji yawe angavu, kwa sababu lita 50 haziwezi kuyeyusha hata gramu 100 kati ya kilo yako. Unachotafuta ni maziwa ya chokaa yaliyosambaa vizuri na kuchujwa kokoto. Mimina vyote pamoja huku ukikoroga, unyunyize siku hiyohiyo, ukiwa umevaa glavu na kinga ya macho, na ufuate maelekezo ya afisa kilimo wa eneo lako kuhusu wakati wa kunyunyiza.

Yako mawe ambayo mbinu hizi haziyagusi. Mwamba wa fosfati wa Sukulu, karibu na Tororo, hauyeyuki majini kwa kiwango chenye faida, hata ukisagwa na kukorogwa usiku kucha. Huhitaji asidi, iwe ya kiwandani au ile ya udongo wenyewe, na hapo ni mmenyuko wa kemia unaofanya kazi, ingawa kusaga laini bado huharakisha.

Tahadhari mbili

Kostiki soda ya kutengenezea sabuni huenda kinyume cha urea: hutoa joto jingi mno inapoyeyuka. Tia soda ndani ya maji baridi, kidogo kidogo, ukikoroga, na kamwe usimwage maji juu ya soda, kwa kuwa maji machache yaliyozingirwa na soda nyingi huchemka ghafla na kuruka usoni. Usitumie sufuria ya alumini. Soda huila na kutoa gesi ya haidrojeni inayoweza kulipuka. Hapa haraka si sifa, na maji ya moto ni hatari.

Pakiti ya ORS (mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) kwa mgonjwa wa kuhara huyeyuka kirahisi hata katika maji baridi, kwa sababu viungo vyake ni vyepesi kuyeyuka na lita moja ya maji iko mbali sana na ukomo. Chemsha maji kwanza, yaache yapoe kabisa, tia pakiti nzima katika lita moja, utikise hadi maji yawe angavu. Usiyachemshe baada ya kuchanganya, na usigawe pakiti kwa kukisia, maana viungo vyake havikai kwa uwiano sawa katika kila kijiko. Kinachobaki baada ya saa 24 kimwagwe.

Kupima kasi darasani

Mwalimu asiye na maabara anaweza kufanya somo zima kwa chumvi ya Katwe, uzi, saa ya simu na glasi zinazofanana. Badilisha kitu kimoja tu kwa kila jaribio: joto, au ukubwa wa vipande, au kina cha kuning'iniza, mengine yote yabaki kama yalivyo, pamoja na kiasi cha maji. Chagua mabonge yanayokaribiana uzito, na ikiwa kuna mizani nyepesi, toa bonge kila baada ya dakika mbili, likaushe kwa kulibonyeza kwenye kitambaa bila kulisugua, lipimwe, lirudishwe. Wanafunzi wakichora uzito dhidi ya muda watapata mstari unaoanza kwa mteremko mkali kisha ukalegea. Wasiulazimishe kuwa mnyoofu kwa rula. Kulegea kule ndiko kunakoonyesha kwamba uso unapungua na maji yanakolea.

Pasipo mizani, wengi husimamisha saa chumvi inapotoweka kabisa, na hapo ndipo wanafunzi wawili wanaotazama glasi moja hutoa majibu mawili, kwa sababu chembe ya mwisho ni ndogo, ni ya rangi ya maji, na huyeyuka polepole kuliko zote. Ni afadhali kufunga kila bonge kwa kitanzi kimoja cha uzi, kilichokazwa kwa namna moja, na kusimamisha saa bonge linapoponyoka na kuanguka.